Wigi Katika Begi la Ariane

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, katika shule moja ya serikali pale Gitega, Kigali, mabegi yalikuwa yakipekuliwa. Madamu Winifred, msaidizi wa nidhamu, nywele zake nyekundu zikichungulia chini ya kitambaa, alizamisha mkono katika begi la Ariane akatoa wigi jeusi.

Darasa zima likaguna. Wanafunzi wote wa shule ile, wasichana kwa wavulana, hunyoa kipara. Msichana akikutwa na wigi, basi hudhaniwa kuwa hulivaa usiku aingie baa bila kutambuliwa. Adhabu yake ni kufukuzwa, na Ariane alikuwa amebakiza wiki tatu afanye mtihani wa taifa.

"Si langu," alisema Ariane, kiranja mkuu.

Rutayisire, mkuu wa nidhamu, aliyekulia Ngara, Tanzania, na asiyependa kuharakishwa, alilibeba wigi hadi ofisini. Kwanza alimwita Annick, aliyeshindwa na Ariane katika uchaguzi wa kiranja, na ambaye hukaa naye dawati moja.

"Unamwonea wivu?"

"Wivu iko, Mwalimu, siwezi kukudanganya. Hata leo iko. Lakini wigi mimi nitatoa wapi?"

"Nani alibaki darasani wakati wa kupandisha bendera?"

"Sisi wote tulitoka. Madamu Winifred alitufukuza mbio mbio, yeye akabaki na mabegi."

Annick alipoondoka, Rutayisire aligeuza wigi ndani nje. Pindoni vilishonwa vichana vidogo vya kung'ang'ania nywele za mvaaji. Vilikuwa vimenasa nywele kadhaa, ndefu kama kidole, zilizopakwa rangi nyekundu. Akacheka peke yake, kicheko cha hasira. Kwenye kipara cha Ariane, au hata cha Annick, vichana hivyo vingeshika nini? Aliyelitia wigi begini alisahau kwamba yeye mwenyewe ana nywele.

Saa nne akawaita Winifred na Ariane pamoja.

"Madamu, nywele hizi ni za nani?"

Winifred aliziangalia, akafumba macho. Hakujitetea.

"Mkurugenzi wa shule alisema mbele ya walimu wote nijifunze kwa huyu kunyamazisha wanafunzi. Kwa mtoto! Mimi nina diploma, napuliza filimbi mpaka mashavu yananiuma, na kelele hazipungui. Huyu anawaambia maneno mawili tu, wananyamaza. Mwalimu, nilikuwa silali kwa wivu. Nilitaka aondoke, nimwone mtu mmoja tu akiniogopa mimi."

Ariane, aliyekuwa amejikunyata karibu na mlango, aliinua uso.

"Madamu, unajua nawaambiaka nini?"

Winifred akamtazama.

"Nawaambia: munyamaze, Madamu atafukuzwa kazi."

Rutayisire alimrudisha Ariane darasani, kisha akampigia simu mkurugenzi. Winifred hakuomba asamehewe. Alikuwa ameinama, analia.