Kura ya Nzigire Si Kadi ya Posho

Jumamosi mchana, Mama Nzigire alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Kensington-Bailey, mjini Buffalo, jimbo la New York. Alikuwa anasonga ugali huku akiimba wimbo wa kanisani. Sauti yake si nzuri, lakini ni kubwa, na majirani wameshazoea.

Nzigire ni mjane. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Anawaogesha, anawakumbusha dawa, anawasikiliza wakisimulia habari ileile kila siku. Alizaliwa Kivu, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa ana miaka kumi Marekani. Mwezi wa tatu mwaka huu aliapa kuwa raia.

Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuimba. Ofisi ya uchaguzi ilikuwa imemtumia kadi yenye jina lake kamili na mahali pa kupigia kura. Zilibaki wiki mbili tu. Nzigire hakuwahi kupiga kura ya rais popote duniani.

“Aksanti, kuya uone jina yangu,” alimwita binti yake.

“Mama, umenionyesha mara sita,” Aksanti alijibu kutoka chumbani, akicheka. “Bado ni lako.”

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mugisho, kaka yake mkubwa, au Yaya kama wadogo zake wanavyomwita, anayeishi Beechmont, mjini Louisville. Kwenye simu hiyohiyo alikuwepo mdogo wao Sandrine, wa Columbus. Ndugu hawa watatu huzungumza hivyo kila Jumamosi, na kwa kawaida huanza kwa kutaniana.

Siku hiyo Mugisho hakutania. “Bon,” alisema. “Mu hii familia tuko raia. Kila mutu akipiga kura na njia yake, inakuwa bure. Donc, tunachagua mutu moja. Miye mukubwa wenu nimeisha kuchagua.”

“Umetuchagulia bila kutuuliza?” Sandrine aliuliza.

“Ule mwengine anatetea mambo yenye kanisa yetu inakataa. Na chama yake ikiwa mu serikali, bei ya bintu ilipanda. Munaona wenyewe ku duka.”

“Na ule wako anatukana wakimbizi kila siku. Weye ulikuya hapa kama nani, Yaya? Mutalii?” Sauti ya Sandrine ilipanda. “Salomon angali Nyarugusu. Kesi yake ya kuletwa hapa ina miaka tisa. Ule mutu wako akifunga mulango, Salomon atabaki kule.”

Salomon ni mdogo wao wa mwisho. Kumtaja ni kugusa kidonda, na wote watatu walianza kusema kwa pamoja. Mwishowe sauti ya Mugisho ikashinda.

“Musikie. Kila mutu akiisha kujaza karatasi yake, apige picha, atume mu groupe. Mwenye hatatuma, sitamuhesabu ndugu. Nzigire, unasikia? Ndoa ya Aksanti iko mwezi ya kumi na mbili. Ukikataa, utafute mujomba mwengine.”

Sandrine akakata simu. Dakika moja baadaye akajitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Nzigire alibaki ameshika simu, na ugali ukaungua. Baba yake Aksanti alishafariki. Siku wazazi wa mchumba watakapokuja, mjomba Mugisho ndiye atakayekaa mbele na kujibu kwa niaba ya binti. Bila yeye, nani angejibu?

Na zaidi ya hapo, Nzigire aliona kila mmoja amesema nusu ya ukweli. Alijali imani yake. Alijali bei ya chakula. Alimpenda Salomon kama mtoto aliyemzaa, maana alimbeba mgongoni wakikimbia vita. Akaichukua ile kadi, akaitia kwenye droo.

“Miye sipigi kura,” alimwambia Aksanti. “Bote babaya. Nikibaki mu nyumba, hakuna mwenye atanikasirikia.”

“Mama, no,” Aksanti alisema. “Ulisoma maswali mia moja kwa ajili ya uraia. Ulikuwa unayasoma hata kwenye basi.”

Nzigire alikwangua sufuria kwa hasira.

Kesho yake, baada ya ibada, alipanda basi mpaka Grant Street kununua dagaa na unga wa muhogo. Duka ni la Immaculée, mama wa Kirundi aliyelelewa katika kambi ya Mtabila, Tanzania. Immaculée ana ulimi mkali na mizani sahihi. Kila uchaguzi hufunga duka lake na kwenda kusaidia kituoni. Huwapokea wapiga kura na kuwaonyesha pa kwenda.

“Leo huimbi, Mama Aksanti,” Immaculée alisema. “Kuna nini?”

Nzigire akamweleza. “Nikichagua moja, ni sawa nimekubali ubaya yake yote,” alimaliza. “Heri nibaki.”

Immaculée aliendelea kupima dagaa. “Kwani unatafuta rais au mume?”

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Nzigire hakutaka kucheka, lakini alicheka.

“Nauliza kweli,” Immaculée alisema. “Kumpigia mtu kura si kusema kwamba kila neno lake ni zuri. Unasema tu kwamba kati ya hawa walioko, huyu ni nafuu kwa kazi hii. Hubatizwi kwa jina lake. Na ukikaa nyumbani, mmoja wao atakuwa rais vilevile. Watakuwa wamekuchagulia wengine.”

“Sasa weye, dada, ungechagua nani?”

“Hilo sikuambii, hata ukinunua duka zima. Lakini nitakuuliza. Kazi ya rais unaijua? Nani anatunga sheria?”

“Bunge. Ile swali niliipata.”

“Nani anaamua kila mwaka waingie wakimbizi wangapi?”

Nzigire akatikisa kichwa.

“Ni rais, baada ya kushauriana na Bunge. Hapo mkono wake ni mrefu. Na bei ya mayai?”

“Rais?”

“Ana mkono, lakini si wake peke yake. Lipo Bunge, ipo benki kuu, yapo hata mafua ya ndege yanayoua kuku. Kwa hiyo mtu akikuambia rais atafanya kila kitu, au ameharibu kila kitu, muulize kwanza kama kitu hicho kiko mikononi mwake. Andika mambo yanayokuuma wewe. Machache tu. Kisha tafuta kila mgombea amefanya nini katika hayo. Nasema amefanya, sisemi amepiga kelele. Na usiokote habari kwenye video za WhatsApp.”

Nzigire alifikiri, halafu uso wake ukafunguka. “Ah. Ni vile Yaya alifanya na Dionizi.”

Dionizi ndiye mchumba wa Aksanti. Alipokuja kuposa, Mugisho alitumia wiki tatu kumchunguza kwa simu kutoka Louisville. Aliwapigia padri wake, msimamizi wake wa ghala na hata jirani yake wa ghorofa ya chini. Aligundua kwamba Dionizi ni Mkatoliki, na wao ni wa kanisa la Kipentekoste. Tena alikuwa ameanguka mtihani wa udereva mara tatu. Lakini alikuwa anamtunza mama yake mgonjwa bila kunung'unika, na kazi yake ameishika miaka mitano. Mwishowe Mugisho alisema, “Iko na makosa yenye tunaweza kuishi nayo.” Akakubali.

“Basi fanya vivyo hivyo,” Immaculée alisema.

Nzigire alisogea karibu na kushusha sauti. “Na ile picha ya karatasi?”

Hapo Immaculée aliacha mizani. “Usithubutu. Hapa New York sheria inakataza kuwaonyesha watu karatasi uliyoijaza. Majimbo mengine yana sheria zao, lakini kila mahali kura ni siri. Siri hiyo imewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe, ili kaka, bosi au mchungaji asikudai ushahidi.” Akamtazama kwa upole. “Kambini, kadi yenu ya posho ilishikwa na nani?”

“Na Yaya. Miaka kumi na tatu. Hatukukosa chakula hata siku moja juu ya uzembe yake.”

“Basi si mtu mbaya. Kadi ya posho ilikuwa moja kwa familia nzima, na mkubwa alisimama mbele kwenye foleni. Amezoea hivyo. Lakini kura kila mtu ana yake.”

Nzigire alirudi nyumbani akiimba. Akaitoa kadi kwenye droo. Akaandika kwenye daftari: Salomon, imani, bei, na malipo ya wanaotunza wazee. Kila jioni baada ya chakula, yeye na Aksanti walikaa mezani. Aksanti alifungua ukurasa wa ofisi ya uchaguzi na magazeti ya pande zote mbili, akamfasiria. Nzigire aliuliza maswali mpaka binti akachoka.

Zilikuwa siku za mabishano makali, na Nzigire alizipenda. Mgombea aliyempenda zaidi, kumbe, alikuwa amepiga kelele miaka mingi juu ya jambo moja na hakulifanyia chochote. Yule aliyemchukia alikuwa ametimiza ahadi moja kubwa. Nzigire alibadili mawazo Jumanne, akayarudisha Alhamisi. Alibishana na redio. Alibishana na bibi anayemtunza kazini, na bibi huyo, mwenye miaka tisini na moja, alifurahi mno, kwa sababu siku hizi hakuna anayebishana naye.

Ijumaa ya mwisho Nzigire alifunga daftari. Alikuwa ameshaamua. Alilia kidogo, kwa sababu alijua anachokipata na alijua pia anachokiacha.

Jumamosi kabla ya siku ya uchaguzi, siku za kupiga kura mapema zilikuwa bado hazijaisha. Nzigire alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaenda na Aksanti. Mhudumu alitafuta jina lake, akalipata, akampa karatasi ndefu.

Nzigire aliingia kwenye kijisehemu chake peke yake. Akajaza duara la rais taratibu, bila kutoka nje ya mstari. Chini yake kulikuwa na nafasi nyingine nyingi, za wabunge na hata za majaji. Katika nafasi moja mkono uliteleza, akajaza wawili mahali pa mmoja. Alishtuka, akadhani ameharibu kila kitu. Akamwita mhudumu.

“Hakuna shida,” mhudumu alisema. “Hujaitia kwenye mashine bado. Nakupa nyingine.”

Akaanza upya. Kwa jaji mmoja ambaye hakujua lolote juu yake, aliacha wazi, na kura zake nyingine hazikuharibika kwa hilo. Kisha akageuza karatasi, kama Immaculée alivyomwonya, na kweli nyuma kulikuwa na swali la kujibu ndiyo au hapana. Alimaliza, akaitia karatasi kwenye mashine. Mashine ikaimeza. Nzigire akacheka kwa sauti, na watu wote kwenye foleni wakageuka wakacheka naye.

Walipofika kituo cha basi, simu ikalia. “Picha iko wapi?” Mugisho aliuliza.

Nzigire alivuta pumzi. “Haiko, Yaya. Nimepiga kura, lakini picha sitatuma. Hapa sheria inakataza. Na hata isingekataza, singetuma.”

“Donc, umepigia ule wa Sandrine.”

“Sikusema ivo. Unakumbuka vile ulituchunguzia Dionizi? Ulipiga simu wiki tatu. Hukutafuta malaika. Ulitafuta mutu mwenye makosa yenye tunaweza kuishi nayo. Nimefanya vile ulinifundisha. Weye njo ulinifundisha, Yaya. Sasa unaweza kukataa kuwa mujomba ya Aksanti, lakini kura yangu iko yangu.”

Nzigire aliogopa kweli. Alimshika Aksanti mkono.

“Clémence naye amekataa,” Mugisho alisema mwishowe. Clémence ni mke wake. “Jana tulipiga kura pamoja. Akafunika karatasi na mukono, sawa mutoto ya shule. Nikamuuliza usiku na asubuhi. Anacheka tu.” Akaguna. “Na miye, Nzigire, nilisimama pale dakika makumi mbili. Nilizania nimeisha kuchagua. Kumbe nilikuwa nimewachagulia nyinyi, miye mwenyewe bado.”

“Na ndoa?”

“Ndoa ni ndoa. Unazania nitaacha mutu mwengine ajibu juu ya Aksanti?”

“Bon. Basi uite Sandrine. Leo, mbele ya kula.”

Alimpigia. Sijui walisemezana nini, lakini jioni Sandrine alirudi kwenye kundi la familia, akatuma picha ya sambusa alizokaanga. Wakakubaliana kwamba kubishana ni ruhusa, kutukana hapana, na kuulizana kura hapana.

Matokeo yalipotoka, wengine katika familia hii walifurahi na wengine walikosa usingizi. Sitakuambia akina nani. Mwezi wa kumi na mbili Mugisho alikaa mbele ya wazazi wa Dionizi, amevaa suti, akajibu kila swali kwa maringo mpaka Sandrine akamkanyaga mguu.

“Mama, sasa niambie,” Aksanti alinong'ona jikoni. “Ulimpigia nani?”

“Mutu wa ile kazi, si mume,” Nzigire alijibu, akaendelea kupakua wali.

Mwezi wa kwanza, ndugu watatu waliandika barua tatu kwa wabunge watatu, kila mmoja kwa mbunge wa mahali anapoishi. Barua zote zilikuwa na jina moja, Salomon, na namba ya kesi yake. Nzigire alisaini ya kwake kwa kalamu ya wino mweusi, pole pole.

Jibu la kwanza lilifika Louisville. Ofisi ya mbunge ilisema imeipokea kesi na itaiulizia. Mugisho aliwapigia dada zake akiwa bado amevaa viatu vya kazi, akawasomea barua nzima, hata anwani.

“Munaona,” alisema. “Hatukupiga kura sawa, hata sijui mulipigia nani. Lakini kuuliza, batatu tunauliza.”