Madame Birindwa

Walikutana mtaani Nyawera, siku mvua ilipowasukuma chini ya mwavuli mmoja wa muuza vocha za simu. Colombe alikuwa na kitenge kipya cha njano, Firmin na viatu vyeupe vilivyokwisha kuonewa na matope. Mwaka ukapita wakipendana. Leo Colombe alikwenda ajansi ya ndege kuchukua tiketi yake ya Kinshasa, ili akaonwe huko na dada mkubwa wa Firmin.

Maman Francine, mwenye ajansi, alilinganisha tiketi na kadi ya uchaguzi ya Colombe, ndiyo kitambulisho chake, akakunja uso.

« Hii ticket haiko yako, ma fille. Carte inasema Nsimire Colombe. Hapa kuko Madame Birindwa. »

« Birindwa ni jina ya Firmin. »

« Njo vile. Ni bibi yake, basi. »

Mke? Colombe aliigeuza karatasi kana kwamba ukweli uko nyuma. Kama Firmin ana mke, basi yeye anapelekwa kwa huyo dada kama nani? Simu ikalia.

« Allô, bébé! Ulishapata ticket? »

« Bibi yako atakuja kuikamata. »

« Bibi gani? »

« Ule utaikala naye mu ndege. Uko na batoto ngapi, Firmin? »

Akasikia kicheko. Kicheko! Akakata simu, akaketi kwenye benchi, machozi yakimtoka. Alimpenda huyu mtu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Haukupita muda, Firmin akashuka kwenye pikipiki mlangoni akihema, shati nje ya suruali.

« Chérie, Madame Birindwa ni wewe! »

« Mimi niko Nsimire. »

« Najua. Maman Francine aliniuliza ku téléphone nasafiri na nani, mulomo ikasema vile. Nilitaka nisikie namna inasikilika. » Akainama. « Ilisikilika muzuri sana. »

Colombe hakujua acheke au amzabe kofi.

« Papa, » Maman Francine akamwingilia Firmin, « kule aéroport ya Kavumu habaangaliake roho, banaangaliaka carte. Jina ikikosa kufanana, anabakia. Nibadirishe ao niache? »

Firmin akamgeukia Colombe. « Ile jina, utaikubali? »

Colombe alijipangusa macho.

« Maman, andika Nsimire, vile iko ku carte. »

Uso wa Firmin ukamshuka.

« Na wewe, » Colombe akamwambia, « jina ya papa yangu haibadirishwake mu ajansi. Inabadirishwaka kwetu Kadutu, batonton, bandugu ya papa, bamekaa, na ngombe ya mahari iko mu lupango ya nyumba. Dimanche, kisha misa, bote bako nyumbani. Usichelewe. »