Jina la Bi Miwani

Jina la Bi Miwani lilianza kufanya kazi peke yake siku ambayo mwenyewe alikuwa nyumbani anaharisha.

Ofisi yao huandika programu ya kupimia dawa za watoto hospitalini. Ukibadilisha mstari, daftari la matoleo ndani ya kompyuta linakuandika: nani, lini. Siku hiyo likaandika kwamba saa saba mchana Bi Miwani kaongeza sifuri kwenye dozi. Sifuri moja tu, wenzangu, ila ya mtoto wa miezi minne. Muuguzi alishtuka sindano imeshajaa.

"Jina lako hilo," bosi alisema. "Au una pacha?"

"Nilishinda chooni. Muulize mume wangu, ndiye aliyebeba maji."

"Ijumaa unanikabidhi funguo za ofisi. Kazi basi," bosi alisema.

Bi Miwani alikasirika hadi miwani ikaingia ukungu. Si alishamwambia bosi? Watengenezaji wa daftari walitangaza lina mwanya wa kupenya kwa jina la mwingine, wakatoa na kiraka cha kuuziba. Tangazo likija, mwanamume anabonyeza "Baadaye", anarudi kwenye chai yake.

Kesho yake saa saba, wenzake wamekwenda kula, akakaa kuvizia. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua, kisha vitufe vya kompyuta kwenye meza isiyo na mtu vikaanza kubonyea, tk, tk, na kwenye kioo mistari ikajiandika, kila mmoja na jina lake pembeni, sifuri juu ya sifuri, huku vidole vyake mwenyewe, alivyovilaza mapajani, vikicheza kufuata mdundo ule asiouamrisha.

"Toka kwenye jina langu," alisema, meno yameumana.

Kioo kikaandika: NIMEKARIBISHWA MARA AROBAINI NA MOJA.

Akamfuata bosi kwenye chai yake, akamvuta kwa mkono wa shati. "Soma. Ni wewe uliyekaribisha, kila ulipobonyeza 'Baadaye'."

Fundi wa mitambo, mama asiyecheka na mtu, hakuomba ruhusa. Akatia kiraka, akawasha na kinga mpya iliyokuja nacho: badiliko lisilo na muhuri, neno la siri analoligonga mwenyewe kwenye vitufe, halipokelewi. Mashine zikavuma kama zinasongwa, zikanyamaza. Sifuri zikafutika, na jina la Bi Miwani likabaki kwenye kazi yake tu.

"Kwa hiyo limetoka?" bosi alinong'ona.

Fundi alikuwa anakunja waya. "Mlango nimefunga. Lilikuwa upande gani, ndani au nje, sikuliona."

Bosi akacheka, akanyoosha mkono achukue kikombe. Mkono ukapita kikombe, ukaenda kwenye vitufe, ukagonga muhuri wake mwenyewe.

Bi Miwani akang'oa waya ukutani. Kioo kikazima. Vidole vya bosi havikuacha kugonga.