Aliyekandika Upande wa Nje

Asnakech ni rafiki yangu na si mwongo. Asiyetaka kuamini na aache. Yeye na mumewe, Gezahegn, walikuwa wakijijengea nyumba kilimani, ng'ambo ya mji wa Debre Tabor, mbali na jirani yeyote. Kwetu mke hukandika ndani na mume nje, viganja vikipiga sehemu moja ili udongo ushikane kwenye fito.

Asubuhi ile waligombana. "Umenileta kuishi na fisi!" Asnakech alifoka. Gezahegn akatoka na punda wake. Mke akabaki akikandika peke yake, ameshaamua kwamba jioni anarudi kwa mama yake.

Mara akasikia kofi la udongo nje: pa! Akapiga. Pa! Akajibiwa. Kidogo kidogo mianya ya fito ikazibika, ndani kukawa giza.

"Haya, nimekusamehe," alisema, akicheka kidogo. "Lakini sema basi, kichwa ngumu wee!"

Pa!

Hasira zikamwisha. Alikuwa na mwenzake. Wakapandisha ukuta hivyo hadi juu kabisa.

Ndipo sauti ya Gezahegn ikaja kutoka bondeni: "Asnakech! Njoo unisaidie! Punda kagoma na mabua ya tefu!"

Mkono wake ukaganda ukutani. Nje, pa!

Alikimbia akamleta mumewe, wakazunguka pamoja. Ukuta wote ulikuwa umekandikwa, bado mbichi. Ulijaa alama za viganja toka juu hadi chini, na vidole vyote vilielekea ardhini, kama vya mtu aliyening'inia kichwa chini.