Mwewe Ambao Hawakufika

"Mwewe wangapi?"

"Mia mbili na ushee. Kundi zito, mpenzi. Wanateremka huko kwako, kaa tayari."

"Haya."

Bi Hesabu alikata simu, akaweka jicho kwenye darubini. Jina hilo walimpa wenzake kazini, kwa sababu hata vijiko vya sukari kwenye chai ya mgeni alivihesabu. Kila majani yalipoanza kupukutika na baridi kuingia, kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege wanaohama kupitia ukingo wa ziwa. Alfajiri ni chiriku na ndege wengine wadogo waimbao, jua likipanda ni mwewe. Yeye alikaa kituo cha chini. Kituo cha juu alikaa mchumba wake, ambaye watu wote walimwita Jicho, maana alimtambua mwewe wakati wenzake bado wanabishana kama ni ndege au ni vumbi kwenye kioo.

Sasa mwewe hapendi kuvuka maji mapana, hufuata ukingo. Kundi likipita kwa Jicho, baadaye mchana huohuo lazima lipite kwa Bi Hesabu. Hakuna njia ya mkato.

Alisubiri mpaka shingo ikamkakamaa. Ziwa lilikuwa la kijivu, na juu yake hakupita hata mmoja.

Haikuwa mara ya kwanza. Msimu huu hesabu za chiriku za vituo viwili zilikuwa zikikaribiana vizuri tu, ila mwewe wa Jicho walipotelea njiani kila siku. Mwanzoni alidhani wanadunguliwa na watu. Jioni ile ikaingia meseji ya dada yake: "Mdogo wangu, kaa chini kwanza usome. Leo mchana nimemwona shemeji mjini kashikwa mkono na mwanamke. Na si kushikana kwa salamu."

Alimpigia papo hapo.

"Dada, mchana alikuwa kituoni. Alinipigia."

"Kwani simu inasema mtu alipo?"

Bi Hesabu akahamishia simu sikio la pili.

"Meseji zako anajibu?"

"Siku hizi anapiga tu. Nikiandika hajibu."

"Na Jumapili alipokuja kwako, alikutazama usoni?"

"Alitazama dirisha."

"Muda wote?"

"Muda wote, dada."

"Basi mwenzangu, unataka nini tena? Alfajiri anahesabu chiriku, jua likipanda anaenda kwa mtu wake, mwewe anakutungia. Na harusi ndiyo hiyo imefika!"

Usiku huo Bi Hesabu hakulala. Alimpenda yule mtu mpaka akajionea aibu. Asubuhi aliomba ruhusa kwa Mkuu wao, akavua pete, akaifunga kwenye leso na kupanda basi. Njia nzima alipanga maneno. Mengine hayafai kuandikwa hapa.

Hakukuta mwanamke. Alimkuta Jicho peke yake kwenye benchi la kituo, koti limemkaa ovyo, darubini inaning'inia shingoni na vifuniko vyake havijatolewa. Bi Hesabu alikwenda akasimama mbele yake, akanyamaza kimya, amwone atajitetea vipi.

Jicho akainua uso.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Unaniuliza mimi ni nani?"

Jicho aliruka, chupa ya chai ikaanguka. "Mpenzi! Mbona hukusema unakuja?"

"Yuko wapi mwanamke aliyekushika mkono mjini?"

"Yule ni dada yangu."

"Jicho, usinifanye mtoto."

"Wallahi ni dada. Alikuwa ananivusha barabara."

"Kuvushwa barabara, mtu mzima na miguu yake?"

Bi Hesabu akaiangalia ile darubini yenye vifuniko. Halafu akaangalia juu.

"Jicho, hapo juu yako kuna nini?"

"Mawingu tu leo."

"Kuna mwewe. Wamejaa, wanazunguka juu ya kichwa chako."

Jicho akakaa polepole, akipapasa benchi.

"Katikati pamezibika," alisema. "Nikimtazama mtu, uso wake haupo. Jana dada alinipeleka kwa daktari wa macho."

"Daktari anasemaje?"

"Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kitapungua."

"Na mwewe ulionitangazia?"

"Nilikisia. Nimekaa hapa miaka, upepo ukivuma najua hupita wengi kiasi gani. Chiriku ni wa kweli, wale nawasikia."

"Ungeniambia lini?"

Jicho akainama kuipapasa chupa ya chai.

"Jicho. Ungeniambia lini?"

"Baada ya harusi."

Hilo ndilo lililomkata maini. Angekuwa na mwanamke mwingine, angemfukuza tu yakaisha. Lakini huyu mtu aliyempenda alitaka kumwoa kwanza, ndipo ajue.

"Yaani ulitaka nifungwe ndipo nione?"

"Niliogopa utaondoka. Kosa langu, sina la kujitetea."

Bi Hesabu alitoa simu, akampigia Mkuu palepale, Jicho akisikia.

"Mkuu, mwewe wote wa kituo cha juu msimu huu, futa. Hawakuwepo. Chiriku waache."

"Makubwa! Na Jicho vipi?"

"Atakuja kukueleza mwenyewe. Nitamleta."

Alikata. Jicho alikuwa ameinama, Bi Hesabu akamshika bega.

"Nakuelewa, na sikulaumu. Kama umekuja na pete, iweke tu hapa kwenye benchi."

"Sijasema nimekuja na pete."

"Umenishika bega, kidole ni kitupu."

Bi Hesabu machozi yakamshuka. Bado kulikuwa na kitu kimoja kinachomchoma, akakitoa.

"Hata sasa hunitazami! Naongea na wewe, unaangalia maji. Na Jumapili ulikuja kwangu ukaangalia dirisha."

"Nikikuelekea, uso wako unapotea. Nikigeuka pembeni ndiyo unabaki kidogo. Jumapili ulivaa gauni la bluu. Ulikuwa umenuna. Nilikutazama wewe muda wote."

Upepo ulivuma, majani makavu yakaburuzika miguuni mwao. Bi Hesabu alilia bila kujificha, kwa hasira na kwa huruma, na hakujua kipi kilizidi. Kisha akaketi, akafungua leso.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na harusi haiwi mpaka nimemsikia daktari kwa masikio yangu."

"Sawa."

Akavaa pete. Akashika kidevu cha Jicho na kumgeuza taratibu kuelekea ziwani.

"Angalia kule," alimwambia. "Nitazame vizuri."