Kofia Mfukoni

Farhan alimkanyaga Rukaiya mguu soko la Mtoni, katikati ya mafungu ya nyanya.

"Kaka, huoni?" alifoka Rukaiya, msusi wa mtaani, gauni lake la njano limemkaa sawasawa. Farhan, muuza mashati ya mtumba mwenye nywele tele ambazo mama yake alishachoka kumwambia anyoe, akasahau hata kuomba radhi. Mwaka ukapita wakipendana, mtaa mzima ukijua.

Kisha presha ya macho ikampiga Rukaiya. Jumatatu alisuka vichwa vitatu. Ijumaa daktari akamwambia nuru haitarudi. Alilia siku tisa. Ya kumi akaomba kitana.

"Jumamosi namsuka Najma, mteja wangu, anaolewa," akatangaza.

Farhan akaona huruma, na huruma ikamponza. Akampigia Najma kwa siri: tafuta msusi mwingine, mgonjwa apumzike. Jumamosi Rukaiya akakaa barazani tangu asubuhi, mafuta na kitana mapajani, mpaka adhuhuri. Mwishowe akampigia Najma, akaambiwa yote.

Farhan alipofika na chapati za moto, alikuta moto zaidi.

"Umenizika na mie mzima!"

"Mpenzi, niliogopa wakucheke..."

"Macho ndo yamekufa, Farhan. Vidole je? Wa kunililia ninaye, mama yangu. Toka!"

Wiki nzima hakupokea simu zake. Siku ya nane akapokea, kwa kuchoka tu.

"Rukaiya wangu, niko barazani kwenu, mkekani. Nisuke."

"Mwanaume wa Mtoni usukwe? Watakusema."

"Waseme. Kesho nakatiza soko zima na kichwa hiki."

Rukaiya akatoka akipapasa ukuta, akaketi, akambana kichwa kwa magoti. Mstari wa kwanza ulipinda, akaufumua. Wa pili vilevile. Wa tatu ukanyooka, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Aii! Unaniumiza, mpenzi."

"Tulia. Mchana wa Jumamosi uliniuma zaidi."

Kesho yake sokoni walimzomea. Kisha wanawake wakasogea, wakamwinamisha, wakaikagua mistari.

"Kakusuka nani?"

"Mchumba wangu. Haoni, na hakosei."

Jioni akampigia Rukaiya. "Wateja wanne wanakuja kesho. Ila posa yetu ya Ijumaa sasa... Mama anasema nifumue kwanza, baba yako atanifukuza."

"Ukifumua hata mmoja, usije."

Ijumaa Farhan alikuja na mjomba wake, kanzu imepigwa pasi, mistari yote kichwani, kofia mfukoni.