Vigae Visivyopita Motoni

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa wateja asubuhi ile. Mwanamume mmoja mrefu, aliyepakaa unga mweupe hadi viwikoni, alipenya katikati yao, akaweka kiganja juu ya kaunta na kuagiza boraksi kilo mbili.

"Foleni inaanzia nyuma," ilisema sauti ya kike.

Aligeuka. Mwenye sauti alivaa gauni la buluu iliyokoza lenye ukosi mweupe, na viatu vya kisigino kifupi vilivyopigwa rangi vikang'aa. Usoni mwake hamkuwa na dalili ya mzaha.

"Samahani, dada. Nina kazi inayoningoja."

"Sisi wengine tumekuja kupunga upepo."

Watu wakacheka. Mwanamume akarudi nyuma kwa aibu, akajikuta amesimama nyuma yake huyo huyo.

"Boraksi ya nini?" aliulizwa.

"Ya kuchelewesha mchanganyiko usigande upesi. Natengeneza vigae vya sakafu."

"Kumbe ndiwe Fundi Baridi. Baba yangu ana matanuri mawili ya vigae. Anasema wewe ni mganga, unawaambia watu udongo unaiva bila moto."

"Mpe mzee shikamoo yangu. Kisha umwambie kwamba si udongo, wala hauivi. Unashikamana wenyewe. Na wewe, kazi yako ni kusimamia foleni?"

"Kazi yangu ni kuvunja. Napima nguvu za vifaa katika maabara ya ujenzi. Ukiniletea vigae vyako nitavivunja kwa raha zangu."

"Basi nipe namba ya simu, nijue pa kuvileta."

Alipewa namba. Baada ya miezi minne watu wa pande zote mbili walikwisha kuwahesabu kuwa wachumba, hata yule baba, ambaye hakuacha kumwita mkwe mtarajiwa "Mganga".

Kazi ya Fundi Baridi haikuwa uganga. Alichanganya unga wa magnesia, chumvi ya fosfeti na majivu yaliyochekechwa, kisha akatia maji kwa kipimo. Mchanganyiko ulipata joto wenyewe ndani ya ndoo, na kabla ya robo saa kupita ulikuwa jiwe zito lisilonyonya hata tone. Ustadi wote ulikuwa katika mambo mawili: muda na maji. Maji yakizidi hubaki yamefungwa ndani, yakitoka huacha vitundu, na jiwe hupoteza nguvu zake. Kwa hiyo ilikuwa mwiko katika karakana yake kuongeza maji baada ya kuchanganya. Kwa kosa hilo alikwisha kufukuza vibarua wawili.

Ndipo hospitali ikahitaji sakafu mpya katika wodi ya watoto, sakafu ya kuwekwa asubuhi na kukanyagwa jioni. Hakuna aliyeweza kazi hiyo ila yeye. Sharti lilikuwa moja: vipande sita vya mchemraba, vitokavyo katika ndoo moja, vipimwe maabara. Mpimaji alimweleza mkuu wake waziwazi kwamba fundi yule ni mchumba wake.

"Mashine haina mchumba," mkuu alijibu. "Pima, andika, tia sahihi."

Siku ya kumimina vipande, Fundi Baridi alikuwa amekwisha kukoroga ndoo simu ilipolia.

"Laazizi, niko na ndoo."

"Ndoo na mimi, nani bora?"

"Wewe. Lakini ndoo hainisubiri."

"Na mimi nikusubiri hadi lini? Shangazi yangu ameuliza tena. Nimwambieje?"

"Mwambie Mganga anachagua suti."

"Rangi gani?"

"Upendayo wewe, kipenzi."

Wakacheka, wakataja rangi tatu au nne. Aliporudisha simu mfukoni, mchanganyiko ulikuwa umeanza kuwa mzito kama ugali. Vibarua walikuwa nje. Alitazama mlangoni, akachota kikombe kimoja cha maji, akakimimina, akakoroga kwa nguvu. Mchanganyiko ukalainika. Alijaza vibweta sita vya kumiminia na kimoja cha akiba, kisha akajiambia kwamba kikombe kimoja si kitu. Baada ya wiki moja hakujiambia tena, alikuwa amejisahaulisha.

Kati ya vipande sita, vinne vilivunjika kabla ya kufika kipimo. Mpimaji aliandika alichokiona, akatia sahihi.

Fundi Baridi aliingia maabara saa nne asubuhi, shati halijafungwa vifungo sawasawa, karatasi mkononi.

"Hii nini?"

"Ni majibu. Punguza sauti, hapa ni kazini."

"Nakuuliza wewe, mwanamke niliyetaka kukuoa. Umenifelisha?"

"Vipande vyako vimefeli. Kaa chini nikuonyeshe." Aliweka mezani nusu ya kipande kilichovunjika. "Tazama hivi vitundu. Uliongeza maji."

"Mimi?"

"Sijui ni nani katika karakana yako. Aliyekoroga aliongeza maji."

"Nilikoroga mwenyewe. Sema kweli: mzee wako anataka matanuri yake yawake kwa ajili ya wodi ile."

Mpimaji alikisogeza kipande kando. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mtaje baba yangu mara ya pili, nami nitasahau kwamba niko kazini."

"Namtaja kwa sababu namjua."

"Toka."

Alitoka. Laiti angekwenda nyumbani kulala. Badala yake aliketi akaandika barua kwa mkuu wa maabara, kurasa mbili zenye mwandiko mzuri, akisema kwamba mpimaji alishawishiwa na mzazi wake mwenye matanuri ili aharibu kazi ya mwenziwe. Hasira huweza kumfanya mtu mjinga kwa saa moja. Barua humfanya mjinga kwa muda mrefu zaidi, maana huwekwa katika faili.

Siku ya tatu simu yake ililia.

"Nimesimamishwa kazi," mpimaji alisema. "Miaka tisa sijaandika tarakimu moja ya uongo. Leo nimekabidhi funguo mbele ya wafagiaji. Nimekupigia ili ulisikie kwa mdomo wangu."

"Sikukusudia wakusimamishe."

"Ulikusudia nini? Wanipongeze?"

"Mpenzi, nisikilize…"

"Usiniite hivyo. Bado unasema hukuongeza maji?"

Simu ikakatika.

Fundi Baridi alisimama peke yake karakanani. Kile kipande cha akiba kilikuwa rafuni. Alikichukua, akakipiga nyundo mara moja, nacho kikapasuka kama biskuti. Ndani kulikuwa na vitundu kila upande. Akakumbuka kikombe, au tuseme kweli, akaacha kujifanya hakukumbuka. Akawakumbuka na vibarua wawili aliowatupia vitu vyao nje kwa kosa hilo hilo. Alijikasirikia mpaka akaketi chini, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.

Saa nane alikuwa mbele ya meza ya mkuu.

"Niliongeza maji kwa mkono wangu. Mpimaji aliandika kweli. Barua yangu ni uongo mtupu."

"Unajua hospitali itasoma maneno haya?"

"Najua."

"Hutaiweka sakafu ile, wala nyingine yao yoyote."

"Nipe kalamu."

Kutoka pale alikwenda kwenye matanuri, uani kwa mzee. Mzee alimsikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Umeniita mla njama kwa maandishi."

"Ndiyo, baba. Nimeyakanusha kwa maandishi. Nakala hii hapa."

Mzee alisoma taratibu, akaikunja.

"Kwangu yamekwisha. Nimechoma vigae vibovu maishani mwangu, nami nikamlaumu mwenye kuni. Lakini binti yangu si mimi. Yumo ndani, na simshauri."

Mpimaji alikuwa akipiga pasi gauni lile la buluu. Mkuu alikwisha kumwita arudi kazini kesho yake. Hakuiacha pasi.

"Nimesikia," alisema. "Mkuu amenisomea yote kwa simu."

"Nimekosa. Sina la kujitetea."

"Ungekuwa nalo ningekufukuza." Alipindua gauni upande wa pili. "Waliokuwa wakiniamkia jana walinipita leo bila kunitazama. Unaweza kuliandikia hilo barua?"

"Siwezi."

"Basi."

Fundi Baridi aliutazama mvuke wa pasi ukipanda. "Nilikuja kukuomba nikuoe. Naona si siku yake."

"Nani amekuambia si siku yake?" Sasa aliiweka pasi, akamkabili, macho yakiwaka. "Umepoteza wodi nzima ili kurudisha jina langu, na hilo nimeliona. Nitaolewa nawe. Lakini nina hasira, tena nyingi, wala sitazificha kwa ajili ya shangazi au picha za harusi. Utazikuta mezani asubuhi, utazikuta jioni. Usiniulize zitakwisha lini."

"Sitauliza."

"Na usitabasamu."

"Sitabasamu."

"Vuta kiti basi, ukae. Shangazi anakuja saa kumi. Utamweleza wewe mwenyewe, kuanzia mwanzo, nami nitakuwa nasikiliza."

Akavuta kiti, akakaa.